Hina yenye mkono wako: namna ya kuijua ladha yako na kuichora

Maswali yanayonifikia kutoka kwa mabinti wanaoanza kuchora hina ni yale yale. Nitapataje mtindo wangu? Kwa nini maua yangu yanafanana na ya kila mtu? Bi harusi akinionesha picha kwenye simu nifanyeje? Na lipo moja ambalo huulizwa kwa sauti ya chini: nitajuaje kama kazi yangu ni nzuri kweli, au naipenda kwa sababu ni yangu? Nimekuwa nikimjibu kila mtu peke yake. Sasa nayaandika yote pamoja, ili anayeanza awe na pa kushika.

Jibu langu linaanzia kwenye ladha. Ladha ndiyo inayokwambia ua liishie wapi, mstari uwe mnene kiasi gani, na kiganja kiachwe kitupu sehemu ipi. Wengi wanadhani mtu huzaliwa nayo, au hana. Si kweli. Ladha hufunzwa, na hufunzwa kwa kazi: kutazama, kuandika, kunakili, kuchagua, kukataa. Anayejua anachokipenda na sababu yake anaweza kuamua mwenyewe akiwa ameshika koni. Asiyejua atamuachia uamuzi yule aliyechora picha iliyomo kwenye simu ya mteja.

Hapa sifundishi kukanda hina wala kunyoosha mstari. Nachukulia kwamba mstari unaupiga bila kutetemeka, jani na ua unalimaliza, na umeshawachora ndugu na mashoga zako mara kadhaa. Kama bado, anzia huko, kisha urudi.

Utakavyohitaji

- Daftari lisilo na mistari na kalamu nyeusi. Picha za simu zitasaidia, lakini haziwezi kuwa badala ya daftari. Kitu ulichokichora kwa mkono umekitazama. Ulichokipiga picha pengine umepita tu.
- Koni za hina uliyoikanda mwenyewe, ili ujue kilichomo. Unga safi, maji ya ndimu au chai kavu iliyopoa, sukari kidogo ya kuifanya ishike, na mafuta ya kukoleza rangi. Mafuta ya karafuu tunayo hapa hapa, yanatengenezwa Wawi kule Pemba kutokana na makonyo na majani, lakini ni makali kwenye ngozi: matone machache tu, na kwa mtoto, mja mzito au mwenye ngozi inayowasha upesi, yaache kabisa.
- Kipande cha kioo au plastiki ngumu inayopitisha mwanga, ukubwa wa daftari. Unaweka mchoro chini yake, unafuatisha kwa koni juu, unafuta, unarudia.
- Mtu mmoja mwenye jicho na asiyekuonea haya. Mama mkubwa, mwalimu wako wa hina, au shoga anayejua kushona. Asiwe mtu wa kukusifu kila kitu.
- Mwezi mmoja mpaka miwili. Haraka haraka haina baraka, na hapa utaiona maana yake.

Piko siiweki kwenye orodha, na nataka ujue kwa nini. Nyingi ya piko nyeusi inayopakwa mikononi ni dawa ya kutia nywele rangi, na ndani yake mna kemikali iitwayo PPD. Huweza kuunguza ngozi, kutoa malengelenge na kuacha kovu, na mtu aliyekwisha kupata mzio wake huweza kubaki nao maisha yake yote. Hina halisi haitoi weusi wa papo hapo. Tutalirudia jambo la weusi hapo chini, kwa sababu lina somo kubwa la ladha ndani yake.

Hatua ya 1: Kusanya unavyovipenda, na visiwe hina tupu

Kwa wiki mbili, kila siku chora daftarini vitu viwili vilivyokuvuta jicho. Usijiulize bado kwa nini. Sharti ni moja: katika kila vitu vinne, hina iwe kimoja tu. Mchoraji anayetazama hina peke yake atatoa hina ile ile aliyoitazama, hata akiwa na mkono wa dhahabu.

Basi toka. Ukiwa Mji Mkongwe, simama mbele ya mlango mmoja wa kuchonga kwa robo saa nzima. Utaona kwenye fremu yake mnyororo umechongwa kutoka chini mpaka juu, utaona maua ya duara, majani yanayopandana. Kisha nenda kwenye mitaa ya maduka utafute mlango wa asili ya Kihindi, ule uliogawanywa vipande vidogo vya mraba, ulinganishe. Mafundi wote wawili walikuwa na mbao na patasi, lakini ladha zao hazikuwa moja. Tazama hasa mahali ambapo fundi ameiacha mbao tupu. Hakupaacha hivyo kwa uvivu.

Ukirudi nyumbani, tandaza kanga kitandani. Wote tunajua kanga ina pindo, mji na jina. Wewe safari hii tazama pembe nne tu. Pindo linalotoka upande mmoja likikutana na linalotoka upande mwengine, mbunifu kafanya nini? Kuna kanga ambayo nakshi inageuka taratibu ikaendelea. Kuna ambayo imekatika tu, upande mmoja umeula mwengine. Kuna ambayo pembeni pamewekwa ua lake peke yake, kubwa, ili lifunike maungio. Tatizo hilo hilo utalikuta kwenye kifundo cha mkono, pale bangili uliyoichora inapozunguka na kujikuta imekutana na mwanzo wake. Ukishajua ni pembe ipi ya kanga unayoipenda, umeshajua bangili yako itafungwaje.

Vyengine vya kutazama: viua vya kofia, ambavyo ni uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe na bado nakshi inasomeka kwa vitundu na kivuli chake. Mkeka wa Pemba, rangi za ukili zinavyopishana. Shada la karafuu kabla halijafunguka. Darizi ya shingo ya kanzu. Vyuma vya madirisha.

Onyo: usikusanye kitu kwa sababu kimependwa na watu elfu kumi mtandaoni. Hapo utakuwa umekusanya ladha ya elfu kumi hao. Kitu kikikuvuta na ukaona aibu kidogo kukionesha, hicho ndicho cha kutangulia.

Hatua ya 2: Sema kwa nini

Hapa ndipo wengi huchoka, na hapa ndipo kazi yote ilipo. Pitia daftari, na kwa kila kitu andika sentensi mbili za sababu. Maneno haya hayaruhusiwi: zuri, kali, tamu, imependeza, imetulia. Yanasema umefurahi, hayasemi kilichokufurahisha ni nini.

Andika hivi: "Napenda mstari unaoanza mnene na kuisha mwembamba." "Napenda ua kubwa moja na pembeni yake pasiwe na kitu." "Napenda vitu vinavyorudiwa mpaka jicho linachoka kuhesabu." "Napenda upande mmoja usilingane na mwengine." Hizo ni sababu unazoweza kuzichora. "Imetulia" huwezi kuichora.

Nikupe mfano wa ile piko. Binti ataniambia, "Mwalimu, mimi napenda piko, bila nyeusi hina haionekani." Namuuliza, unapenda weusi wenyewe, au unapenda ule mpaka mkali kati ya mstari na ngozi? Akitazama vizuri, mara nyingi anachokipenda ni mpaka. Na mpaka unaweza kuupata kwa hina peke yake: mstari wa nje upige mnene, wa ndani mwembamba, acha uwazi wa upana wa punje ya mchele kati ya ua na jani, na usijaze kila kitu. Hina ikikolea vizuri, kazi hiyo inasomeka kutoka upande wa pili wa ukumbi. Huyo binti angebaki na "napenda piko," angeendelea kuwapaka watu dawa ya nywele. Alipojua sababu, akapata njia tatu za kufikia kile kile.

Baada ya kuandika zote, soma sababu tu, bila picha. Utaona zinajirudia. Zile zinazorudi mara nne, tano, katika mlango, katika kanga, katika hina, zipigie mstari. Hiyo ndiyo ladha yako kama ilivyo leo.

Hatua ya 3: Andika na usivyovipenda, kisha uvichunguze

Kukataa ni nusu ya ladha. Chora vitu kumi usivyovipenda, uandike sababu vile vile. Lakini chuki ina udanganyifu wake, kwa hiyo kila kimoja kiweke kwenye fungu moja kati ya haya matatu:

a) Sikipendi, hata nikikiweza.
b) Sikiwezi, ndiyo maana nasema sikipendi. Yule sungura wa "sizitaki mbichi hizi" yumo ndani ya kila mchoraji.
c) Naogopa watu watasema cha kizamani, au cha shamba.

Fungu la kwanza tu ndilo ladha. La pili ni orodha ya mazoezi. La tatu lirudishe kwenye daftari la unavyovipenda, kwa sababu mara nyingi huko ndiko mali yako iliko. Wangapi wanaikimbia hina ya bibi zao, kisha wanaishangilia ikipakwa na mtu wa nchi nyengine!

Hatua ya 4: Nakili kwa adabu

Nasikia watu wakisema kunakili kunaua ubunifu. Mimi nasema kunakili bila kujua unanakili nini ndiko kunakoua. Chagua mchoraji mmoja, mmoja tu, ambaye kazi yake imo kwenye zile sababu ulizozipigia mstari. Chukua kazi zake tano. Weka chini ya kioo, fuatisha kwa koni, futa, rudia mpaka mkono uende wenyewe. Kisha ondoa picha, uchore kwa kumbukumbu.

Sasa linganisha. Utakuta mkono wako umebadilisha kitu. Jani umelifanya refu zaidi, au nukta zake tatu wewe umeweka tano, au pale alipojaza wewe umepaacha. Mabadiliko yaliyotokana na uhafifu wa mkono yanakuja mara moja na kupotea. Yale yanayorudi katika kila nakala ni ladha yako inajitokeza bila kuombwa. Yaandike.

Tuna mfano wetu hapa hapa Unguja. Taarab aliileta Sultan Barghash kutoka Misri katika karne ya 19, na ikaimbwa kwa Kiarabu. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, aliingia mjini akauza vyungu, akajifunza uimbaji ule kama ulivyo, kisha akauimba kwa Kiswahili, kwa habari za mtaa na watu wake. Mwaka 1928 sauti yake ilirekodiwa Bombay. Bi Kidude naye akazichukua nyimbo za Siti, akaziimba kwa koo lake lile la kukwaruza, na hakuna mtu aliyewahi kuwachanganya wawili hao. Wote wawili walianza kwa kujifunza cha mwengine mpaka ndani. Walipofika huko ndipo masikio yao yakawaambia nini kibaki na nini kibadilike.

Onyo: nakala ya mazoezi ni ya mazoezi. Usiitie mtandaoni kama yako, wala usiiuze. Ukiionesha, mtaje mwenyewe.

Hatua ya 5: Jiwekee mipaka

Sasa unayo orodha ya sababu na orodha ya yale mabadiliko ya mkono wako. Kutokana nayo tengeneza masharti yako ya mwezi mmoja. Yasizidi manne. Mfano:

1. Maumbo matatu tu: ua moja, jani moja, ukingo mmoja.
2. Mstari wa nje daima mnene.
3. Theluthi moja ya mkono haiguswi.
4. Angalau umbo moja lisitoke kwenye hina ya mtu yeyote.

Hilo la nne ndilo litakalokusumbua, basi tulifanye pamoja kwa karafuu. Chukua karafuu moja mbichi, au hata kavu ya jikoni, uitazame karibu. Ina kikonyo, juu yake vikono vinne vilivyochongoka, na katikati kichwa cha mviringo, ambacho ni petali zilizojifunga bado. Ichore ilivyo. Kisha ipunguze: kikonyo kiwe mstari mmoja unaonenepa juu, vikono viwe viwili tu vinavyoonekana kwa pembeni, kichwa kiwe nukta kubwa. Umepata umbo unaloweza kulipiga kwa koni kwa pumzi moja. Zipange tatu kwenye shina moja, una shada. Zigeuze vichwa chini kuzunguka kifundo, una ukingo wa bangili. Itazame kutoka juu badala ya pembeni, una ua la ncha nne lenye nukta katikati, linalofaa kiganjani.

Usiichukue karafuu kwa sababu nimeitaja mimi. Tukichora wote karafuu tutarudi pale pale tulipokuwa. Chukua kitu kilichomo kwenye daftari lako, ukipunguze kwa njia hiyo hiyo.

Na usidhani kukaa na kitu cha nyumbani kunakufungia mlango. Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kukulia Uingereza, amechora kazi zake nyingi kwa umbo la kanga, na mwaka 2017 alipata Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa huko. Wale wachoraji wa Tingatinga wanaojaza maduka yetu ya utalii wanatokana na mtu mmoja, Edward Saidi Tingatinga wa Dar es Salaam, aliyechora kwa rangi za baiskeli juu ya vibao vya hadibodi mpaka alipofariki mwaka 1972. Rangi ile ilikuwa na ung'aavu wake, vibao vilikuwa vidogo, na ndani ya mipaka hiyo akapata sura ya kwake. Kinachonisikitisha ni kuona duka baada ya duka wanyama wale wale katika mkao ule ule, kazi ya vijana wenye mikono mizuri sana ambao hakuna aliyewauliza wao wanapenda nini.

Hatua ya 6: Ihukumu kazi siku ya pili

Usihukumu hina ikiwa mbichi. Hina mbichi mkononi imeinuka, ni nyeusi, inang'aa, na kila mstari unaonekana umekaa pahala pake. Picha nyingi za kwenye simu hupigwa wakati huo. Lakini mteja haondoki na hiyo. Ikikauka na kubanduka inabaki rangi ya chungwa, na baada ya siku moja au mbili ndipo inapokolea kuwa nyekundu ya kahawia. Mstari umetanuka kidogo. Kiganja kimekolea sana kwa sababu ngozi yake ni nene, mgongo wa mkono umekolea kidogo. Ule wavu wa mistari myembamba iliyobanana, ulioonekana wa ajabu jana, leo umekuwa doa. Kwa hiyo mwambie kila unayemchora akutumie picha siku ya pili, kwenye mwanga wa mchana. Hiyo ndiyo kazi yako.

Ukiipata picha, jiulize maswali mawili, na usiyachanganye kamwe:

Je, imefanywa vizuri? Mistari imefika? Nafasi zinalingana pale nilipotaka zilingane? Ua linaonekana ukisimama mbali hatua tatu? Kidole kikikunjwa umbo linavunjika?

Je, naipenda?

Majibu yanaweza kupishana, na kupishana huko ndiko kunakufundisha. Utaweza kusema, "Kazi ya fulani ya Kihindi imejaa mno kwangu, siipendi, lakini ni kazi safi kuliko yangu." Ukiweza kulisema hilo kwa moyo mweupe, umeanza kuwa mtu wa kutegemewa jicho lake. Na utaweza kusema, "Hii naipenda, lakini ni mbovu." Hapo una cha kurekebisha badala ya kujitetea.

Nadharia sitaki kukujaza, ila kuna mwanafalsafa wa Scotland, David Hume, aliyeandika mwaka 1757 kwamba jicho la kuhukumu sanaa hujengwa kwa mazoezi, kwa kulinganisha kazi na kazi, na kwa kuweka upendeleo kando. Na huyo huyo alikubali kwamba kijana na mtu mzima watampenda kila mmoja mshairi wake, bila mmoja wao kuwa amekosea. Vyote viwili vinaingia kwenye hina.

Kisha mpelekee yule mtu wako mwenye jicho. Usimuulize "unaonaje?" Atakwambia imependeza. Muulize, "Jicho lako limeanzia wapi? Limekwama wapi? Ungeondoa nini?"

Hatua ya 7: Ladha yako mbele ya bi harusi

Mkono si wako, ni wa bi harusi, na siku ni yake. Pia ukumbini yumo mama yake, mashangazi, na somo wake, yule anayemfunda, na kila mmoja ana neno. Anayeingia na "mimi huu ndio mtindo wangu" atatoka na ugomvi. Anayeingia na "nichore chochote mnachotaka" atatoka na picha ya mtu mwengine.

Njia ni ile ile ya hatua ya pili, safari hii unamfanyia yeye. Akikuonesha picha, usiikatae, wala usiichukue. Muulize.

"Bi harusi wangu, hapa kilichokuvutia nini hasa?"

"Hivi vidole."

"Vidole vilivyojaa, au vile vilivyoachwa vitupu kutoka kwenye kucha mpaka hapa?"

"Vilivyojaa. Sehemu nyengine ya mkono sijaiangalia hata."

Basi umepata. Anataka vidole vilivyojaa. Sehemu ya mkono iliyobaki ni yako ya kupendekeza. Mchoree daftarini mapendekezo mawili, yote yana vidole alivyovitaka, na yote yamo ndani ya masharti yako. Mbili zinatosha. Ukimpa sita atachanganyikiwa na kurudi kwenye picha yake.

Mama mtu akisema ua limekuwa kubwa, msikilize kwanza. "Nimekuelewa mama, nikilipunguza hapa pembeni nikaliacha katikati, itafaa?" Watu wazima mara nyingi wanaona jambo la kweli hata kama dawa wanayoitaja siyo. Aliyeona kubwa huenda ameona limesogea upande.

Na mpango wa siku usiusahau: singo itangulie, hina ifuate, kwa sababu singo inasugua ngozi na itaondoka na rangi yako. Hina ichorwe siku mbili kabla ya kutolewa ukumbini.

Ukikwama

*Naona kazi zangu zote mbaya kuliko zamani.* Jicho limetangulia mkono. Limeona kasoro ambazo zamani hukuziona, na mkono haujafika. Usiache, wala usirudi kwenye kuiga. Chagua kasoro moja, ile inayokukera zaidi, uifanyie kazi wiki nzima kwenye kioo, nyengine ziache zilivyo.

*Ladha yangu imebadilika, daftari la mwanzo silipendi tena.* Vizuri. Usilichane. Anza jengine, na kila baada ya miezi mitatu rudia hatua ya pili. Sababu zitakazobaki katika madaftari yote mawili ndizo za kuzitegemea.

*Kila ninachochora kinafanana na kazi ya mwalimu wangu.* Umekaa hatua ya nne muda mrefu. Ondoa umbo lake moja kuu, lile ambalo mtu akiliona anamtaja yeye, na ujikataze kwa mwezi. Nafasi itakayobaki wazi itakulazimisha ulete kitu.

*Nimebuni umbo langu, mwenzangu kaliiga.* Inauma. Weka tarehe kwenye kila ukurasa wa daftari, na upige picha. Kama ni mchoro unaouuza, kwenye kitambaa au kadi, Zanzibar kuna sheria na ofisi ya hakimiliki, COSOZA. Waulize kabla ya kugombana. Kama ni hina ya mkononi, mwendee ana kwa ana, umwambie kwa upole. Wengi hawajui wamechukua.

*Wateja wanataka kile kinachotamba tu.* Wachoree, riziki ni riziki, lakini chukua sehemu moja ya kila mkono iwe yako: bangili, au kidole cha shahada. Baada ya muda kuna atakayekuja akaulizia hiyo bangili.

*Sijui kama kitu nakipenda au nimekizoea.* Kifiche wiki tatu. Usikichore, usikitazame. Ukikiona tena na mkono ukataka kukichora upya, unakipenda.

*Bibi anasema hina yangu si ya hapa.* Kaa naye. Muombe akueleze hina aliyopakwa yeye siku ya harusi yake, na wewe uchore huku akikusahihisha. Usimbishie kwamba hina ya visiwani imechanganyika na Uhindi na Ghuba na Sudan. Analijua hilo kuliko wewe. Kisha kipitishe kwenye hatua ya pili kama kitu chengine chochote: unapenda nini humo, na kwa nini. Pengine atakutajia ncha za vidole zilizopakwa zote mpaka kifundo cha kwanza, bila ua hata moja. Lijaribu hilo kwenye mkono wako wa kushoto wiki hii, vidole vyekundu vitupu na ua moja tu mgongoni mwa mkono, ulitazame siku ya pili.